Mmefunga Mtihani, Ufunguo Mkaubandika Juu Yake

Nyie vijana mnanichosha. Nimestaafu, duka nimemwachia mwanangu, nimehamia Kimbiji nafuga kuku na kulima mihogo, lakini mafaili yenu yananifuata hukuhuku. Juzi mmoja, mtoto wa kaka yangu, kanitumia vyeti vyake vyote nimwangalie kama vinasomeka kabla hajaomba kazi. Faili kalifunga kwa neno la siri. Nikasema afadhali, ukoo huu umepata mtu mwenye akili. Nikashusha macho chini ya faili, nikakuta kaandika: "Shangazi, paswedi ni 1234." Palepale. Ujumbe uleule.

Nikampigia. "Wewe ukitoka nyumbani unafunga mlango, halafu ufunguo unauning'iniza kwenye kitasa?"

Akacheka. "Shangazi bwana! Nani ana shida na vyeti vyangu?"

Mie sikucheka. Niliwahi kuona mwalimu wa watu akikaribia kufukuzwa kazi kwa kosa hilohilo, na jina la duka langu likaburuzwa nalo. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya, na mtayasoma mpaka mwisho, hata kama kitu kirefu kuliko kiganja cha mkono kinawaumiza kichwa.

Elimu yangu ni darasa la nne. Nalisema mapema msije mkaanza kunidai cheti. Nimezaliwa kusini, kwa wachonga vinyago, nikafika Mtoni sijui hata kushika simu ya mezani. Lakini pale pembeni ya barabara ya Kilwa nimechapa karatasi za watu zaidi ya miaka thelathini, kwanza kwa mashine ya taipu, baadaye kwa kompyuta, mpaka wakaniita Mama Taipu na jina la nyumbani likasahaulika. Nimechapa barua za kazi, talaka, wosia, mashairi mabovu ya mapenzi, na tasnifu za vyuo. Na kila nilichochapa nilikisoma. Wenzangu walikuwa wanadonoa herufi kama kuku, macho kwenye karatasi, akili sokoni. Mie nilisoma. Kwa hiyo nikiwaambia habari za usimbaji fiche, yaani kazi ya kufunga habari ndani ya kompyuta asizisome asiyehusika, msiulize bibi huyu kazitoa wapi. Nimezichapa.

Kazi alinifundisha Mzee Kilian, karani mstaafu kutoka bara, Mkatoliki wa kupindukia, shati jeupe kila siku ya Mungu na kalamu tatu mfukoni. Siku ya kwanza hakunionesha herufi hata moja. Alinionesha kiberiti.

"Hiki ndicho kitendea kazi cha kwanza," akasema. "Barua ikitoka, kaboni choma. Rasimu choma. Stensili choma. Mteja akigeuka mgongo, ubaki na mikono yako tu."

Kaboni, kwa nyie msioijua, ilikuwa karatasi nyeusi tuliyoweka katikati ya karatasi mbili ili tupate nakala. Ukiinyanyua juani unaisoma barua nzima. Stensili ilikuwa karatasi ya nta tuliyotobolea maneno kwa taipu, halafu tunaipitisha kwenye mashine ya kudurufu, na mitihani yote ya shule ilipita humo. Ukiitupa stensili, umeutupa mtihani.

Mie nikaona mzee anazidisha. Siku moja nina haraka, nikachukua rasimu za barua ya dada mmoja aliyekuwa anamlalamikia mumewe kwa shehe, nikazitupa kwenye ndoo. Akapita muuza karanga, akaomba karatasi za kufungia. Nikampa, tena kwa moyo mweupe. Kufika alasiri, mtaa mzima unatafuna karanga na kusoma ndoa ya watu.

Dada yule akaja kama moto. "Mama Taipu! Ndoa yangu umeiuza shilingi ngapi?"

"Sijauza dada, wallahi."

"Bora ungeuza! Umeigawa bure!"

Mzee Kilian hakunigombeza. Alinituma nimkimbilie muuza karanga ninunue vifurushi vyote vilivyobaki. Nilikula karanga wiki nzima, na kila kifurushi kilikuwa na kipande cha aibu yangu. Tangu siku hiyo kiberiti hakijawahi kukosekana mezani kwangu, na sifa ikatembea: kwa Mama Taipu hakibaki kitu.

Kisha zikaja kompyuta, na kompyuta haina cha kuwasha kiberiti. Ingieni steshenari yoyote leo, angalieni kioo cha kompyuta. Mafaili ya watu yamejaa kama soko: vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya nyumba, majibu ya hospitali. Mteja kaprinti, kalipa, kaondoka, na utu wake kauacha pale kwa atakayekuja baadaye. Wengine wanafungua imeili zao na hawafungi. Nimewapigia watu kelele mpaka koo likauma: "Wewe braza, rudi! Umejiacha hapa!" Anageuka ananiangalia kama nimechanganyikiwa.

Sasa nije kwa Mwalimu Eliwaza. Huyu ni dada wa Kipare, alikuwa anafundisha hesabu kwenye shule moja ya msingi upande wa Gongo la Mboto. Shule kadhaa za jirani zilitunga mtihani wa pamoja wa kuwapima darasa la saba kabla ya ule wa taifa, na yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati. Kudurufu walidurufu kwangu. Kutoka kule hadi Mtoni si karibu, lakini alinifuata kwa ile sifa yangu ya kutobakiza kitu. Alikuwa anauleta mtihani kwa mkono kwenye flashi, anakaa kwenye stuli mpaka karatasi ya mwisho itoke, anazifunga kwenye tranka la bati, anaondoka nalo kichwa juu.

Mwaka mmoja flashi ikaingia virusi, mtihani ukapotea wote. Kamati ikakaa ikaamua: twende na wakati, tutume kwa simu. Na tufunge faili kwa neno la siri. Mpaka hapo sawa kabisa. Halafu mwalimu akaliweka faili kwenye grupu la kamati, na mie nikiwemo, na chini yake akaandika lile neno la siri. Ati wajumbe wote wahakiki.

Msianze kuisingizia simu. Ujumbe ule njiani ulikuwa umefungwa barabara, hakuna aliyeudaka hewani. Ulifika salama kwa watu waliotumiwa, na mmoja wao, sijui kwa tamaa au kwa ujinga, akausukuma mbele pamoja na ufunguo wake. Kufuli linamzuia mtu wa nje. Uliyemkabidhi ufunguo kwa mkono wako mwenyewe, kufuli litamfanya nini?

Jumatatu watoto wa tuisheni fulani wakaingia kwenye chumba cha mtihani wamekariri majibu mpaka la swali la mwisho. Jumanne afisa elimu wao yuko dukani kwangu, Mwalimu Eliwaza nyuma yake. Salamu hakutoa.

"Mashine zako ndizo zimevujisha."

"Mashine zangu hazina mdomo, baba."

"Mama, mtihani umechapwa hapa!"

"Na ulitumwa huku." Nikafungua simu, nikampa. "Hesabu mwenyewe watu walioupata kabla mie sijawasha mashine."

Akasoma. Akamgeukia mwalimu. "Na haya maandishi hapa chini ya faili ni nini?"

"Ni neno la siri, bosi."

"La siri?"

"Ndiyo, bosi."

Siku nyingine ningecheka. Lakini mwalimu macho yalikuwa yamejaa maji, nikageuka nikajifanya napanga karatasi.

Mtihani ukafutwa. Afisa akampa wiki mbili atunge mwingine, na akamwambia mbele yangu: ukivuja na huo, uenyekiti huna, darasa huna, na kamati ya nidhamu itaamua kama kazi unayo. Lile darasa la saba alikuwa nalo tangu wako la tano. Alipoondoka afisa, mwalimu akakaa kwenye stuli yake.

"Mama Taipu, sasa nautumaje?"

"Usiutume. Ulete mkononi kama zamani."

"Ruhusa ya kutoka shule hawanipi tena. Wamesema wananiangalia."

Kwa hiyo ilibidi utumwe. Kesho yake tukafanya majaribio: anitumie faili la uongo limefungwa, neno la siri anitajie kwa mdomo. Wazo halikuwa baya, maana ufunguo unapita njia nyingine, haufuatani na kufuli. Tatizo ni mahali alipopigia.

"Mama, andika! B ya baba, kubwa! Halafu saba!"

"Mwalimu, uko wapi?"

"Niko kwa muuza nyanya. Andika, halafu K ya kaka!"

Nikasikia sauti nyingine kule, ya mwanamke, taratibu kabisa: "Dada, baada ya saba umesemaje?"

Nikakata simu. Nikakaa chini. Nikawaza: hawa ni wasomi, hawa ndio wanafundisha watoto wetu.

Lakini nilipozidi kuwaza, nikaona tatizo si mwalimu peke yake. Tatizo liko kwenye aina yenyewe ya kufuli. Niwaeleze kwa kazi yangu. Sie tuliojifunza taipu vizuri hatuangalii herufi, vidole vinajua njia. Sasa siku ukikaa vibaya, mikono ikasogea hatua moja kulia bila wewe kujua, unachapa ukurasa mzima wa takataka. Unataka kuandika "mama", inatoka ",s,s". Mara ya kwanza iliponitokea nililia. Mzee Kilian akaichukua ile karatasi, akaiangalia kidogo, akaanza kuisoma kwa sauti kama gazeti. Alijua siri yake: hatua moja kulia. Akarudisha kila herufi hatua moja kushoto, barua ikatoka nzima.

Huko ndiko kufunga faili. Faili haliwekwi ndani ya sanduku kama mnavyodhani, linavurugwa lenyewe, na ufunguo ni ile habari ya limevurugwaje. Yangu ilikuwa hatua moja kulia, hata mtoto angeigundua. Kompyuta inavuruga mara nyingi mno, kwa ufunguo mrefu mno, kiasi kwamba wa kubahatisha atazeeka na wajukuu zake watazeeka. Mradi ufunguo wenyewe usiwe 1234. Lakini oneni: anayevuruga na anayerudisha wanatumia ufunguo uleule mmoja. Mie Mtoni, mwalimu Gongo la Mboto, na lazima wote tuwe nao. Sasa huo ufunguo unanifikiaje? Ukiutuma wazi, umeibiwa. Ukiufunga, unahitaji ufunguo mwingine wa kuufungulia, na huo nao unaufikishaje? Unazunguka kama mbwa anayefukuza mkia.

Hapo ndipo nikamkumbuka Neema.

Neema alikuwa mwanafunzi wa chuo, laptopu yake imekufa, akawa ananiletea tasnifu yake kwa mwandiko wa mkono niichape. Ilihusu mambo haya haya. Msimamizi wake alikuwa mtu wa kalamu nyekundu, sura ya pili aliirudisha mara nne. Mara tano nimeichapa! Ya kwanza sikuelewa kitu. Ya pili nikaelewa kwamba sielewi. Ya nne nikamwambia, "Neema, hapa umejirudia, na hapa hujamalizia ulichoanza." Akaniangalia. Ya tano ikapita. Mpaka leo nasema nusu ya shahada ile ni yangu.

Nikampigia, alikuwa ameshapata kazi. Akaja dukani mchana, akamkuta na Mwalimu Eliwaza, aliyeaga shuleni kwamba anaumwa, uongo wa mara moja tu, na mtihani wenyewe bado hajaumaliza kuutunga.

"Mama shikamoo. Mwalimu shikamoo."

"Marahaba. Neema, mweleze zile funguo mbili za sura ya pili. Na Kiingereza ukiache huko nje kwenye viatu."

Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, fikiria Mama ana makufuli elfu moja. Yote yanafunguliwa na ufunguo mmoja tu, na huo anabaki nao yeye, hampi mtu. Makufuli yenyewe anayagawa yakiwa wazi. Anampa anayemtaka na asiyemtaka. Wewe unaweka mtihani kwenye tranka, unabana kufuli la Mama, klik. Ukishabana, hata wewe huwezi kulifungua."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Nikikumbuka kwamba nimekosea swali?"

"Hata ukilia."

Hapo nikalipenda kufuli lile. Mwalimu akakunja uso, mtu wa hesabu huyu. "Lakini kufuli ninalo mkononi. Nikiliangalia vizuri nitajua ufunguo wake ukoje."

"Mwalimu," Neema akamwambia, "mpe mtoto wako namba mbili kubwa azizidishe."

"Atazidisha."

"Sasa mpe jibu tu, namba ndefu, umwambie atafute ni namba zipi mbili zilizozidishwa, na kila moja haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

Mwalimu akaanza kucheka polepole, mara ya kwanza tangu afisa aje. "Atakaa hapo mpaka amalize shule."

"Basi jibu ndilo kufuli. Zile namba mbili ndizo zinazozaa ufunguo wa Mama."

Na kuna jambo ambalo nyie huwa mnaliruka, mnadhani kufuli hili jipya limeua lile la zamani. Halijaua. Hili la funguo mbili ni zito, likipewa faili kubwa linajikongoja. Kwa hiyo kompyuta inafanya ujanja: inatunga ufunguo mdogo wa kutumia mara moja, ule wa aina ya zamani, inaufungia mtihani wote haraka. Halafu ule ufunguo mdogo peke yake ndio inaubana kwa kufuli langu la hadharani. Vinasafiri pamoja. Mie nafungua ufunguo mdogo kwa ufunguo wangu, na mdogo unanifungulia mtihani. Yaani kilichomponza mwalimu, ufunguo kusafiri na faili, sasa kinafanyika bila hofu, kwa sababu ufunguo wenyewe nao umefungwa. Simu zenu zinafanya hivyo kutwa nzima, nyie mnatuma vichekesho tu.

Neema akanitengenezea kufuli na ufunguo. Ufunguo akauweka kwenye kompyuta yangu moja tu na nakala moja kwenye flashi, nikaifungia kabatini nyumbani. Akanitolea macho: "Mama, ukipoteza hivi viwili, hakuna fundi, hakuna mganga. Yaliyofungwa yamefungwa moja kwa moja." Kufuli akampa mwalimu kwenye laptopu yake. Halafu akanichapisha mie karatasi ndogo yenye mstari mrefu wa herufi na namba, zimegawanywa nne nne.

"Hii ni alama ya kufuli lako, kama alama ya kidole. Mpe mwalimu mkono kwa mkono. Akiletewa kufuli lolote linalosemekana ni lako, asilibane kitu mpaka alinganishe na karatasi hii."

"Nani atamletea kufuli langu zaidi yangu?" nikauliza.

"Ndiyo sehemu uliyoniambia sijaimalizia, Mama. Kwenye ile sura."

Mwalimu akaikunja karatasi akaitia kwenye pochi. Akarudi kwa wajumbe wake akawaeleza njia yote tutakayotumia, na hakukosea. Njia haihitaji kufichwa, kinachofichwa ni ufunguo tu. Kufuli linalotegemea watu wasijue limetengenezwaje ni kufuli bovu.

Siku ya kutuma ikafika. Mie niko dukani nasubiri, mashine zimepoa, karatasi nimepanga. Saa nne simu ikaita, mwalimu, na sauti ni ya mtu aliyechoka.

"Mama Taipu, ile karatasi yako umeikosea kuchapa."

Jamani. Mniambie mie mnene, mniambie mkali, nitawasamehe. "Mie? Nikosee?"

"Haifanani, Mama. Nimeliweka pembeni lile kufuli la zamani kama ulivyosema, hili jipya alama yake haifanani na karatasi. Nimeshachoka, naweza nikatuma hivihivi?"

"Kama nilivyosema wapi?"

"Kwenye ujumbe wako wa asubuhi. Si umetuma kwa simu ya kuazima? Umesema kompyuta imeingia virusi, nitumie kufuli jipya."

Nilisimama mpaka stuli ikaanguka. "Mwalimu, ondoa mkono kwenye hiyo laptopu. Nisomee huo ujumbe."

Akasoma: "'Shikamoo mwalimu, Mama Taipu hapa...'"

"Nimekuamkia shikamoo? Mie? Nina umri wa kukuzaa!"

Nikamsikia anavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Mtu alikuwa amemtumia kufuli lake akasema ni la Mama Taipu. Angelibana, mtihani ungefungwa vizuri sana, kwa ustadi wote wa sura ya pili, na angeufungua mwizi. Hesabu zisingemwokoa, maana hesabu hazijui kufuli ni la nani. Hilo linajulikana kwa watu wawili kukaa ana kwa ana na kupeana karatasi.

Tukasoma wote, yeye herufi nne, mie herufi nne, kutoka kwenye lile kufuli la kwanza. Ikafanana mpaka mwisho. Akatuma. Mie nikafungua, nikafunga mlango wa duka, nikadurufu, karatasi zilizoharibika nikazichoma uani, nzima nikazifungia kwenye tranka mpaka gari la afisa elimu likalifuata. Aliyetuma kufuli la uongo hatukumjua. Ninaye ninayemdhania, lakini sina ushahidi, na jina la mtu bila ushahidi sijawahi kulichapa.

Mtihani ukafanyika, haukuvuja hata nukta. Na matokeo yakatoka mabaya kweli kweli. Wazazi wakaitisha kikao wakamjia juu mwalimu. Alinisimulia mwenyewe: mama mmoja alisimama akasema, "Mwanangu muhula uliopita alikuwa wa tatu, leo yuko mkiani. Mwalimu umewafanya nini watoto?" Akamjibu, "Sijawafanya kitu, mama. Safari hii wamefanya wenyewe." Afisa alikuwepo, akaandika kitu kwenye daftari lake. Uenyekiti ukabaki, na darasa likabaki.

Wiki iliyofuata nikapata faili kutoka kwake. Limefungwa, kwa kufuli langu. Sikumwambia alifunge, na haukuwa msimu wa mtihani. Nikalifungua. Yalikuwa majina ya watoto wa darasa lake, na mbele ya kila jina ameandika asichokijua: huyu hajui kugawanya, huyu sehemu zinamshinda, huyu hesabu anaziweza ila kusoma swali hawezi. Miaka yote aliyokuwa nao hakuwahi kuwaona, walikuwa wamejificha nyuma ya majibu ya kununua, maana kumbe hata mitihani ya muhula ilikuwa inauzwa huko tuisheni. Chini ameomba nimchapie kila mmoja mazoezi yake, anaanza nao Jumatatu baada ya masomo.

Nikachapa, kila mtoto na karatasi yake, nikazikunja moja moja, nikazitia kwenye bahasha, faili nikalifuta. Watoto wale sasa wako sekondari, na huenda wengine ni miongoni mwenu mnaosoma hapa. Majina yao hamtayapata kwangu.